Tangawizi na Mikono Iliyoivusha Bahari

Tangawizi ya shambani haipandwi kwa mbegu. Kinachoitwa mzizi wake ni shina lilalo chini ya udongo. Hukatwa kipande chenye jicho, kikafukiwa, kikachipua upya. Kwa hiyo kila inapoota ugenini, pamepita mkono wa mtu.

Asili yake ni Asia, na bahari ndiyo iliyoisambaza. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331, aliandaliwa wali kwa achari ya ndimu, pilipili, tangawizi mbichi na maembe. Baadaye, akizieleza marikebu za Kichina alizozikuta Calicut, pwani ya Bara Hindi, alisema mabaharia wake walipanda mboga na tangawizi katika mapipa ya mbao humo humo chomboni.

Visiwani hutiwa katika chai na kahawa, ikatwangwa kwa mafua, ikachemshwa kwa kichefuchefu. Mwaka 1982 jarida la Lancet la Uingereza lilichapisha jaribio lililoisifu kwa kichefuchefu cha mwendo. Majaribio mengine ya safari yalitofautiana, ila kwa wajawazito wenye kichefuchefu ushahidi umezidi kuiunga mkono. Hata hivyo dawa ina mipaka yake: anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda amwulize kwanza daktari.

Vipimo vya mabibi, kiasi gani na kwa nani, havikuandikwa. Navyo, mfano wa tangawizi yenyewe, havioti bila ya kupandwa: kizazi kisipovipokea mkononi, vimekwisha.