Kalamu ya Insulini: Ilitoka Wapi, na Ina Dawa Kiasi Gani?

Leo chukua ile kalamu ya insulini aliyopewa mtoto wako kliniki, tuitazame pamoja. Nyingi zimeandikwa yuniti 100 kwa mililita, na mililita 3. Yaani ndani mna yuniti 300. Hicho ni kiasi cha kalamu nzima, si cha kudunga mara moja! Dozi ni ile aliyokuandikia daktari.

Mtu wa kwanza kutibiwa kwa insulini alikuwa mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson, mjini Toronto, Kanada, Januari 1922. Kabla ya hapo, mtoto mwenye kisukari alinyimwa chakula ili aongezewe siku chache tu. Insulini ilimwokoa, lakini kazi ikamwangukia mama: kuchemsha bomba la kioo, kunoa sindano, kuvuta dawa chupani. Tena chupa zilikuwa za nguvu mbalimbali, yuniti 20, 40 au 80 kwa mililita. Ukikosea chupa, mtoto alipata nusu ya dawa au mara mbili yake, na insulini ikizidi huua.

Mwaka 1985 kampuni ya Novo ya Denmark ilitoa kalamu ya kubadilishwa kichupa. Mwaka 1989 ikaja iliyojazwa tayari, ikiisha unaitupa. Huvuti dawa tena. Unazungusha kitufe hadi kwenye namba yako. Siku hizi ziko pia kalamu za yuniti 200 na 300 kwa mililita, kwa hiyo usivute dawa ya kalamu kwa bomba. Utarudisha kosa lile la zamani.

Sasa tuhesabu. Mtoto anadungwa yuniti 10 asubuhi na 10 jioni. Utasema kalamu itafika siku 15. Haifiki. Kila mara, ukishafunga sindano mpya, unamwaga yuniti 2 kwanza uone tone, ujue sindano haikuziba. Hizo ni 24 kwa siku, basi ni siku 12. Hujapunjwa, mama. Rudi kliniki kabla haijaisha, wala usiache kumwaga ili kubana dawa.

Ukishabonyeza, hesabu polepole hadi kumi ndipo uchomoe. Na kalamu ya mtoto isidunge mwingine, hata ukibadilisha sindano, kwa kuwa damu huweza kurudi ndani. Ikishafunguliwa, nyingi hutumika siku 28 tu. Soma karatasi yake.