Kiini cha Mgeni

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wiki hii nazungumzia mgeni wa namna yake: kompyuta inayoishi ndani ya kompyuta nyingine.

Jambo hili si geni. Mwaka 1967 mafundi wa kampuni ya IBM huko Cambridge, Marekani, walikwisha kuigawa mashine moja kubwa hata kila mtumiaji akaona kama ana mashine yake peke yake. Sisi wakati huo kompyuta zetu zilihesabika kwa vidole, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuziingiza nchini, marufuku iliyolegezwa baadaye. Mwaka 1991 mwanafunzi mmoja wa Helsinki, Linus Torvalds, alitoa kiini cha Linux, na mwaka uliofuata akakiweka chini ya leseni inayomruhusu yeyote kukisoma, kukibadili na kukigawa. Mwaka 2007 kiini hicho kikaongezewa uwezo wa kupokea wageni, uitwao KVM.

Kiini ni programu inayosimama kati ya programu nyingine na vyuma vya mashine. Ndicho kinachogawa kumbukumbu na kuongoza diski. Kile kinachotolewa tayari hubeba draiva za maelfu ya vifaa, kwa kuwa mtengenezaji hajui kitatua kwenye mashine ipi. Mgeni hahitaji mzigo wote huo. Mara nyingi huonyeshwa diski na kadi ya mtandao za kuigiza tu, ziitwazo virtio. Basi fundi huchukua msimbo wa Linux, hupitia orodha ya chaguo, huondoa yasiyohusika, kisha hujenga kiini chepesi cha mgeni huyo. Lakini ole wake akiondoa draiva ya diski! Mgeni ataanguka kabla hajaamka. Kwa hiyo kiini cha zamani hakitupwi mpaka kipya kithibitike.

Wapo watakaouliza: ya nini taabu hii, na kiini tayari kipo? Mimi nawajibu kwa habari ya Katuruka, karibu na Bukoba. Pale yapo mabaki ya ufuaji wa chuma ya miaka ipatayo 2,000. Wahaya walijenga tanuru kwa vitu vya kwao: udongo wa kichuguu, na majani ya kinamasi yaliyochomwa. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery waliandika juu ya ufundi huo katika jarida la Science, na dunia ikastaajabu. Lakini chuma cha dukani kilikuwa kimekwisha kuenea na tanuru kuzimwa. Waliobaki na ujuzi walikuwa wazee tu.

Ndiyo hatari ya kupokea kila kitu kikiwa tayari: chombo tunabaki nacho, ufundi unatutoka. Kijana wa Muleba mwenye kompyuta moja tu, tena ya mtumba, anaweza leo kuwasha mgeni ndani yake, akajenga kiini, akakiharibu, akajenga tena, na kompyuta yenyewe isidhurike. Leseni haimzuii, na msimbo hauuzwi. Nawaomba walimu wa kompyuta wa Bukoba na Muleba wasiishie kufundisha kuandika barua na kupiga chapa. Wawafungulie vijana kiini wakione.

Hadi wiki ijayo.