Ruzuku Haina Macho



Wapendwa waamini, kila Januari shule zinapofunguliwa, neno moja husikika kuanzia Kilosa mjini hadi Mikumi: "Elimu ni bure, serikali inalipa." Ni neno la shukrani, na shukrani hiyo ni ya haki. Hata hivyo, kwa baadhi yetu limekuwa pia kisingizio cha kukaa mbali na shule ambamo watoto wetu wanashinda kutwa nzima. Juma hili tunapenda kuitazama historia ya fedha ambazo serikali imezitoa kwa shule za nchi yetu: zilikuja kwa masharti gani, zimenunua nini, na ni kitu gani hazijaweza kukinunua hata mara moja.

Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, wakafungua misioni ya Mhonda mwaka 1877 na ya Morogoro mwaka 1882. Shule zao ziliendeshwa kwa sadaka za waamini wa Ulaya, kwa mazao ya mashamba ya misioni, na kwa jasho la makatekista waliofundisha kusoma na sala chini ya paa moja la nyasi. Aliyetaka shule ilimbidi aijenge na kuilinda mwenyewe.

Mambo yalibadilika baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes, ambayo miongoni mwa wajumbe wake alikuwamo Mwafrika mwenzetu, Dk. James Aggrey, aliyezaliwa katika nchi ambayo leo ni Ghana, ilizunguka Afrika Mashariki ikikagua shule. Mwaka uliofuata serikali ya Uingereza ilitangaza sera ya kushirikiana na misioni katika elimu, na Oktoba 1925 maofisa na wamisionari wakakutana Dar es Salaam kuzungumzia jambo hilo. Sheria ya Elimu ya mwaka 1927 ikaweka utaratibu: shule yenye walimu wenye vyeti, inayofuata mtaala uliokubaliwa na kupokea wakaguzi, ilistahili ruzuku. Shule ndogo za makatekista vijijini, zilizokuwa nyingi kupita zote, hazikuhesabiwa.

Kanisa lililipokea jambo hilo kwa uzito. Mwaka 1928 Monsinyori Arthur Hinsley, mjumbe wa Baba Mtakatifu aliyetumwa kukagua misioni za Afrika zilizo chini ya Uingereza, aliwaambia wamisionari waliokutanika Dar es Salaam kwamba wakishindwa kufanya yote mawili kwa pamoja, ni heri ujenzi wa makanisa usubiri kuliko shule zilegee. Tuone vizuri hapa: ruzuku ya wakati ule ilimfuata mtu aliyekwisha kuanza kazi, na ikamkuta yupo mahali pake.

Baada ya Uhuru, serikali ilitaka mtoto wa kila dini apate nafasi sawa. Kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 shule nyingi za mashirika ya dini ziliwekwa chini ya taifa. Ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 1973, na Azimio la Musoma la mwaka 1974 likaharakisha Elimu ya Msingi kwa Wote, iliyofikia kilele chake mwaka 1977. Uchumi ulipoyumba, ada ikarudi katikati ya miaka ya 1980, na watoto wengi wa maskini wakabaki nyumbani.

Mwaka 2001 ada ikafutwa tena. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, tuliouzoea kwa jina la MMEM, ulileta ruzuku ya aina mpya, inayohesabiwa kwa kichwa cha mwanafunzi: dola 10 za Marekani kwa mwaka, ambazo wakati huo zilikaribia shilingi 10,000. Wanafunzi wa shule za msingi, ambao mwaka 2000 walikuwa takriban milioni 4.4 nchini kote, walifikia takriban milioni 7.5 mwaka 2005. Fedha zilipitia mikononi mwa kamati ya shule, na hesabu zilipaswa kubandikwa kwenye ubao wa matangazo ili kila mzazi azisome. Mpango huo ulimhitaji mzazi mwenye macho. Pasipo msomaji, tangazo la ubaoni ni karatasi tu.

Kisha, kwa nyaraka za elimu za mwaka 2015 na 2016, michango ya lazima nayo ikaondolewa, kuanzia shule ya msingi hadi kidato cha nne. Kiwango cha ruzuku kwa mwanafunzi wa shule ya msingi kilikuwa kile kile cha shilingi 10,000 kwa mwaka, ingawa kwa thamani ya wakati huo hakikufika hata dola tano. Katika hizo, shilingi 4,000 zilitengwa kwa vitabu, na shilingi 6,000 zikaenda shuleni. Tufanye hesabu pamoja. Shilingi 6,000 kwa mwaka ni shilingi 500 kwa mwezi. Shule yenye watoto 600 hupata shilingi 300,000 kwa mwezi, na humo humo kuna chaki, mitihani, ukarabati, michezo na shughuli za ofisi. Mwongozo wa taifa unataka tundu moja la choo kwa wasichana 20, na moja kwa wavulana 25. Kwa shule hiyo, ikiwa wasichana ni nusu, hayo ni matundu 27. Ni mwalimu mkuu gani atakayeyajenga kwa shilingi 500 za mtoto?

Na waraka wa mwaka 2016 haukumwondolea mzazi mzigo wote, kama tunavyopenda kusema. Ulimwachia sare, madaftari na kalamu, matibabu, na chakula cha mtoto anayesoma kutwa. Mtoto wa Kilosa anayekaa darasani hadi alasiri bila kula chochote hajanyimwa na serikali peke yake.

Sasa tuje kwenye jambo linaloumiza zaidi, yaani ulevi na dawa za kulevya. Hapa serikali imefanya kazi kubwa kwa njia ya sheria. Ilitunga sheria ya dawa za kulevya mwaka 1995, ikatunga nyingine kali zaidi mwaka 2015, na Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ikaanza kazi mwaka 2017. Mwaka huo huo, tarehe 1 Machi, pombe ya viroba ilipigwa marufuku, kwa kuwa bei yake ndogo na udogo wa pakiti viliifikisha hadi mifukoni mwa wanafunzi. Mamlaka hiyo imehimiza pia klabu za wanafunzi za kupinga dawa za kulevya. Lakini mkoa wetu wa Morogoro umetajwa mara kwa mara miongoni mwa mikoa inayolima bhangi, na Mikumi imekaa juu ya barabara kuu iendayo Zambia, ambako malori na wageni hupita usiku na mchana. Njia ya mtoto kwenda shule inapita katikati ya hayo yote, na hakuna ruzuku inayotembea naye.

Wenye fedha nyingi kuliko sisi wamekwisha kujaribu. Marekani ilitunga sheria mwaka 1986 ya kuzipa shule fedha za kuwakinga watoto na dawa za kulevya, na mwaka 1994 ikaongeza suala la usalama shuleni. Fedha zilizopitia serikali za majimbo zilikoma katika bajeti ya mwaka 2010. Wakosoaji walikuwa wamesema kwa miaka mingi kwamba zilitawanywa kila mahali hata sehemu ya kila mtoto ikawa ndogo mno, na kwamba haikuonekana wazi kama zilipunguza utumiaji. Kama nchi tajiri haikuweza kumnunulia mtoto kinga hiyo, shilingi 500 zetu zitaiweza?

Lugha yetu yenyewe inatufundisha. Ruzuku na riziki ni neno la shina moja, na twasema Mungu humruzuku mja wake. Lakini Mungu aruzukuye ndege hawawekei chakula kiotani. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la mwaka 1965 juu ya elimu ya Kikristo, ulifundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza na wakuu wa watoto wao. Serikali inasaidia, Kanisa linasaidia, na mwalimu anasaidia. Msaidizi humkuta mwenye kazi akiwa kazini.

Kwa hiyo tunaziomba Jumuiya zetu Ndogo Ndogo za Kikristo zifanye mambo matatu. Kwanza, kila jumuiya iulize tarehe ya mkutano wa wazazi wa shule iliyo karibu nayo, na ihakikishe wazazi wake wanahudhuria na kuuliza hesabu za ruzuku. Pili, chakula cha mchana kizungumzwe humo mkutanoni na kukubaliwa kwa utaratibu uliowekwa. Ndoo ya mahindi wakati wa mavuno haimshindi mkulima wa bonde la Mkondoa. Tatu, tuijue njia ya watoto wetu: nani anauza nini karibu na lango la shule, na mtoto yupi ameanza kuchelewa kurudi. Akina mama wa WAWATA wanayajua mambo haya kabla ya polisi. Wasinyamaze kwa sababu muuzaji ni jirani, au ni ndugu yetu katika jumuiya.

Wahenga walisema, mchelea mwana kulia hulia yeye. Mwenyezi Mungu awalinde watoto wetu, awape walimu wao nguvu na uvumilivu, na atujalie sisi wazazi na walezi moyo wa kukesha.

Tunawatakia Dominika njema. Amina.