Uzi wa Sita wa Gitaa

Gitaa halikuzaliwa Katanga. Lililetwa na wageni, likaenea katika kambi za wafanyakazi wa migodi. Aliyelinunua mara nyingi hakupata mwalimu wala kitabu. Alikuwa na masikio yake tu, pamoja na desturi ya likembe, chombo ambacho mwenyewe hukitengeneza sauti kwa kusukuma vyuma vyake mbele au nyuma, mpaka vikubaliane na wimbo anaoutaka. Basi mtu wa namna hiyo hakuona ajabu kukaza au kulegeza uzi wa gitaa.

Mfano mkubwa ni Jean-Bosco Mwenda, aliyezaliwa mwaka 1930 huko Bunkeya, mji wa Wayeke. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika akinasa muziki, alimkuta Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, akipiga gitaa njiani. Akamnasa, na wimbo wake Masanga ukasikika mbali sana kwa sahani za santuri. Mkono wake wa kuume ulitumia vidole viwili tu, gumba na kile cha kuonyeshea. Lakini msikilizaji alidhani wapigaji ni wawili.

Masanga yenyewe aliipiga kwa nyuzi za kawaida: mi, la, re, sol, si, mi. Lakini kwa nyimbo nyingine aliupandisha uzi wa sita, ule mnene, nusu sauti tu, kutoka mi hata fa. Jambo dogo, utasema. Ngoja kwanza. Kwa nyuzi za kawaida, mwenye kupiga katika fa hulazimika kulaza kidole juu ya nyuzi zote, na mkono huchoka upesi. Uzi wa sita ukiisha kuwa fa, gumba hupata sauti ya chini pasipo kubana kitu, na vidole vya kushoto huwa huru kupanda shingo ya gitaa wakitafuta wimbo. Tena mazoea hukatika. Pale palipokuwa na sol sasa pana la bemoli. Vidole vimepotea njia, ndipo masikio yanashika uongozi. Hapo wimbo mpya hupata nafasi.

Edouard Masengo, ndugu yake Mwenda, alilipeleka gitaa hilo la Katanga mpaka Nairobi, na wapigaji wa Kenya wakajifunza.

Siku hizi, huku kwetu Luano, vijana hutengeneza nyuzi kwa simu. Simu ikisikia fa mahali pa mi, husema ni kosa, na kijana hutii. Sina ugomvi na simu. Kwaya isiyolingana ni adhabu kwa waumini. Lakini Mwenda alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1990, na santuri haionyeshi mkono. Waliojifunza kwa kuwatazama wazee wale wanapungua. Mwenye gitaa na awaendee sasa, aombe waukaze uzi mbele ya macho yake, aandike jina la kila uzi kwenye daftari. Uzi ukiwa wa zamani, aukaze polepole: nusu sauti yaweza kuukata.