Nyumba ya Miti na Udongo ya Cheshire

Kwetu Afrika Mashariki nyumba ya miti na udongo huitwa nyumba ya muda. Mtu hukaa humo huku akitafuta fedha za matofali. Kwa hiyo sisi tunaosoma hapa Uingereza tuna sababu ya kuitazama vizuri Little Moreton Hall, karibu na mji wa Congleton, mkoa wa Cheshire. Ukumbi wake mkubwa ulijengwa kati ya 1504 na 1508, kwa miti, na mwenyewe alikuwa tajiri.

Aliyewahi kuona kiambaza kikikandikwa hatapata shida kuelewa ujenzi wa aina hii. Kwanza husimamishwa fremu ya mwaloni juu ya msingi wa mawe. Kisha nafasi zilizo kati ya nguzo hujazwa fito zilizosukwa, zikakandikwa udongo uliochanganywa na majani makavu na samadi, na juu yake ikapakwa chokaa. Tofauti iko kwenye maungo. Fundi wa kwetu hufunga kwa kamba, lakini seremala wa Kiingereza alichonga ulimi wa mti huu uingie katika tundu la mti ule, akapigilia kigingi cha mti. Tena alichonga mwaloni ungali mbichi, kwa kuwa ukikauka huwa mgumu mno. Ulipokauka ukiwa ukutani, ulikaza maungo, lakini pia ulijipinda.

Miti mingi katika kuta zile haikuhitajika ili nyumba isimame. Imewekwa mishazari na kuchongwa maua ili jirani ajue kwamba akina Moreton wana miti ya kuchezea. Mpaka katikati ya karne ya 16 shamba lao lilikuwa limefikia eka 1,360.

Mwaka 1559 William Moreton aliongeza madirisha makubwa yanayotazama ua. Jina lake limechongwa hapo, lakini limechongwa pia jina la fundi: Richard Dale, seremala, aliyeyatengeneza kwa neema ya Mungu. Ni nyumba ngapi za kale tunazojua jina la bwana wake tu! Kwetu sisi hilo ndilo andiko la thamani kuliko yote ya nyumba hiyo.

Miaka michache baadaye upande wa kusini ulijengwa, na juu kabisa ukawekwa ukumbi mrefu wa kutembelea wakati wa mvua, wenye urefu wa mita 21 hivi. Ulikuwa mtindo wa wakubwa wa siku hizo. Paa lake ni la mabamba ya mawe, na uzito wake ukaielemea ghorofa ya chini. Sakafu ikapanda na kushuka kama mawimbi, kuta zikaegemea nje, hata ikabidi baadaye kutiwa miti ya kukingama ili paa lisizisukume kuta zikapasuka. Picha za nyumba hii hupendwa kwa upogo huo, ambao chanzo chake ni kujionyesha.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka, akina Moreton walikuwa upande wa mfalme. Mwaka 1643 nyumba ikatwaliwa na watu wa Bunge, wakalaza askari humo. Baadaye familia ilirudishiwa nyumba lakini ilikuwa imefilisika, na ikaishia kuipangisha kwa wakulima. Tunaona ufukara huo ndio ulioiokoa: matajiri wengine walibomoa nyumba zao za miti wakajenga za matofali, hawa hawakuwa na uwezo. Mwaka 1938 ikakabidhiwa National Trust.

Na ile rangi nyeusi na nyeupe inayodhaniwa kuwa ndiyo Uingereza ya kale? Ni mapenzi ya enzi ya Malkia Victoria. Kabla ya hapo mwaloni uliachwa ujigeukie kijivu chenyewe, na lipu ilikuwa na rangi ya manjano ya udongo. Tungefurahi kuona walau pembe moja ya ua imerudishiwa rangi hiyo, wageni wailinganishe na kuta nyingine.