Njia ya Sandarusi, Kupitia Pugu

Kabla ya mkaa, Uzaramo, nchi ya Wazaramo inayozunguka Dar es Salaam ya leo, iliuza sandarusi. Katikati ya karne ya 19 watu walichimbua ardhini utomvu wa kale wa msandarusi, uliokwisha kuwa mgumu kama jiwe, wakaubeba hadi pwani. Ukavuka kwenda Unguja, na kutoka huko meli za Wamarekani zikaupeleka Salem, Massachusetts, kutengenezewa vanishi. Mgeni hakujipitia tu Uzaramo. Kulikuwa na mapazi, yaani wakuu wa Wazaramo, na mapazi walidai hongo. Msitu ulikuwa na wenyewe, hata kama hapakuwa na bikoni hata moja.

Kuifuata njia ile leo ni kupanda daladala Gongo la Mboto, kupita Pugu Kajiungeni na kukwea vilima kuelekea Kisarawe. Nyumba zinakusindikiza karibu mwendo wote, kisha miti inatokea ghafla. Huo ni msitu wa Pugu, na kusini kwake, upande wa Chanika, uko Kazimzumbwi.

Mwaka 1904 Wajerumani walitunga sheria ya kulinda misitu, iliyowawezesha kutenga maeneo na kuwakataza wenyeji kulima na kukata ndani yake. Mwaka uliofuata vita vya Maji Maji vikafika hadi Uzaramo. Kodi na mashamba ya pamba ya kulazimishwa ndiyo yanayotajwa zaidi kuwa chanzo chake, na ni haki yatajwe, lakini kufungiwa msitu nako kulikuwa kero. Waingereza waliowafuata hawakuwarudishia wenyeji misitu hiyo. Pugu na Kazimzumbwi zikawa misitu ya hifadhi enzi zao, na jirani wa msitu akabaki mtu wa kuomba kibali au kukamatwa.

Mabadiliko yalianzia mbali na hapa. Huko Babati, katikati ya miaka ya 1990, vijiji vinane vinavyozunguka Duru-Haitemba vilikataa msitu wao kuchukuliwa na serikali kuu, vikaanza kuulinda vyenyewe. Zikafuata Sera ya Misitu ya 1998, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na Sheria ya Misitu ya 2002. Utaratibu wa kijiji kutenga msitu wake unaeleweka: kijiji kinaunda kamati ya maliasili, kinapima eneo, kinaandika mpango na sheria ndogo, mkutano mkuu unapitisha, halmashauri ya wilaya inaridhia. Faini na ushuru vinabaki kijijini. Kilwa walifika mbali zaidi: mwaka 2009 Kikole na Kisangi walipata FSC, cheti cha kimataifa cha usimamizi bora, kwa misitu yao, na mpingo ukapata wanunuzi wanaouliza umetoka wapi.

Kwa nini basi Dar es Salaam imebaki nyuma katika hili? Wengi watasema ni mkaa, na hawakosei. Utafiti uliolinganisha hali ya 1991 na 2005 uliona ukataji wa magogo ya thamani ukisambaa kutoka jijini kwa takriban kilomita 9 kila mwaka: magogo yanatangulia kukatwa, tanuri za mkaa zinafuata nyuma kwa mwendo wa polepole zaidi. Lakini mimi naona kuna jambo jingine, la kiofisi, lisilosemwa sana. Sheria ilimkabidhi msitu mtu mmoja tu, yaani kijiji. Jiji linapotanuka, kijiji kinageuzwa mtaa. Mtaa una mwenyekiti na muhuri, ila hauna ardhi ya kijiji. Ardhi inapangwa na manispaa, viwanja vinapimwa, msitu mdogo wa ukoo unakuwa ploti namba fulani. Mkono uliostahili kupokea umekatwa kabla zawadi haijafika.

Kinachosalia ni misitu ya serikali tu. Pande, upande wa Kinondoni ya zamani, iliondolewa katika misitu ya hifadhi ikafanywa pori la akiba mwaka 1990. Vikindu uko ng'ambo ya Mbagala, na mji umeshaufikia. Kazimzumbwi una historia ndefu ya ugomvi wa mipaka: watu wamejenga, wamebomolewa, wamerudi. Askari wa misitu huwalaumu wavamizi. Lakini kiwanja cha huyo mvamizi kiliuzwa na mtu, mara nyingi kwa karatasi iliyogongwa muhuri, na aliyenunua alikuwa akikimbia kodi za nyumba za mjini.

Jirani na jiji, katika wilaya za Kisarawe na Mkuranga, bado kuna vijiji vyenye halmashauri, kamati na ardhi yao kisheria, vingine vikiwa na vichaka vya msandarusi. Vinaweza kutenga misitu yao leo, kabla mpima viwanja hajafika. Gharama ya kupima mipaka na kuandika mpango huvishinda vingi, na kwenye bajeti ya wilaya misitu huja baada ya madarasa na zahanati. Dalali wa viwanja hasubiri bajeti.