Everton, mpangaji wa kwanza wa Anfield

Mwambie shabiki wa Liverpool kwamba Anfield ilikuwa ya Everton, atakucheka. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Everton walicheza pale miaka minane, na ubingwa wao wa kwanza wa Ligi, ule wa msimu wa 1890/91, waliutwaa wakiwa hapo hapo.

Klabu hii ilizaliwa kanisani. Mwaka 1878 vijana wa kanisa la Kimethodisti la St Domingo, waliozoea kriketi majira ya joto, walitafuta mchezo wa kipindi cha baridi. Wakaanzia Stanley Park, bustani ya umma, na mwaka uliofuata wakachukua jina la mtaa wao, Everton. Wakahamia Priory Road. Mwenye eneo akachoshwa na kelele za mashabiki, akawataka watafute pengine. Mwaka 1884 wakaingia Anfield.

Hapo ndipo tunapokutana na John Houlding, mwanasiasa na mmiliki wa kiwanda cha bia. Alikuwa kiongozi wa klabu na papo hapo mwenye uwanja, yaani alidai kodi kwa mkono mmoja na kuilipa kwa mwingine. Timu ilivyopata jina, kodi nayo ilipanda, kutoka paundi 100 kwa mwaka hadi 250. Wachezaji walivalia jezi kwenye hoteli yake, Sandon, na vinywaji uwanjani aliuza yeye peke yake. Vijana wa kanisani wakajikuta wanatokea baa kwenda kucheza! Mwishowe akataka klabu inunue ardhi, kwa masharti ambayo wanachama wengi waliona ni ya kuwakamua.

Aliyeongoza upinzani ni George Mahon, mpiga kinanda wa St Domingo. Mwaka 1892 wanachama wakaamua kufungasha, na Dk. James Clement Baxter akawakopesha paundi 1,000 bila riba. Houlding akabaki na uwanja usio na timu. Alijaribu kung'ang'ania jina la Everton, chama cha soka kikamkatalia. Ndipo akaunda timu yake, Liverpool, ambayo mwanzoni ilivaa bluu na nyeupe. Ukinitaka nimtaje mwasisi wa utani wa jadi wa jiji lile, sitataja mchezaji wala kocha. Nitataja ile kodi.

Everton hawakwenda mbali. Uwanja wao mpya, Goodison Park, uko ng'ambo ya Stanley Park, na ulifunguliwa Agosti 24, 1892. Hapo ndipo Dixie Dean, siku ya mwisho ya msimu wa 1927/28, alipohitaji mabao matatu kufikisha 60 ya ligi. Aliyapata yote dhidi ya Arsenal, la mwisho kwa kichwa dakika zikiyoyoma. Rekodi hiyo haijavunjwa hadi leo. Mwaka 1980 Dean alifariki kwa mshtuko wa moyo hapo hapo Goodison, akitazama Everton na Liverpool.

Kombe la Dunia la 1966 lilimleta Goodison Eusébio, mzaliwa wa Msumbiji aliyechezea Ureno. Ureno ilikuwa nyuma 3-0 mbele ya Korea Kaskazini. Akafunga manne, ikashinda 5-3.

Sisi tuliwaona Everton kwa karibu Julai 2017, walipowafunga Gor Mahia ya Kenya 2-1 Dar es Salaam. Wayne Rooney, aliyekuwa amerejea tu klabuni, alifunga kwa shuti la mbali. Novemba 2018 Gor nao wakaenda Goodison, wakachapwa 4-0.

Mipango ya kuhama iliyumba kwa miaka: King's Dock ilikwama, Kirkby serikali ikaikataa. Hatimaye walijenga kwenye gati la zamani la Bramley-Moore. Ujenzi huo ulikuwa miongoni mwa sababu za UNESCO kuifuta Liverpool katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2021, bei ambayo, kwa maoni yangu, jiji liliilipa bila kujadiliana vya kutosha.

Mei 18, 2025, Msenegali Iliman Ndiaye alifunga mabao yote mawili dhidi ya Southampton, timu ya wanaume ikaiaga Goodison. Agosti 24, miaka 133 kamili tangu Goodison ifunguliwe, ni Ndiaye tena aliyefunga bao la kwanza la ligi katika uwanja mpya, Brighton wakilala 2-0. Goodison haikubomolewa: sasa ni nyumbani kwa timu ya wanawake ya Everton.